Mteremko wa Kikundi

Wapendwa, naanza kwa kuomba radhi. Mfano huu nitauharibu. Nimeujaribu nyumbani mara tatu, mara zote tatu nimejikuta nimeanzia mwisho, mpaka mama mchungaji akaniambia, "Baba, huo nenda ukawahubirie watu ambao hutaonana nao tena." Mambo ya mashine mimi siyajui. Mashine pekee niliyowahi kupewa niitunze ni hiki kipaza sauti, na wote mnasikia kinavyonipigia mluzi. Kwa hiyo nikikosea jina la chuma chochote, ninyi mnaojua msininyooshee mkono katikati ya neno. Mnisahihishe nje.

Kulikuwa na mama mmoja, mkulima wa viazi, katika nchi ya milima na baridi, kule ambako mtu anavaa sweta kwenda kuota moto. Shamba lake lilikuwa ekari mbili, upande wa chini wa barabara, kwenye mteremko unaoishia kijitoni. Watu walimwita Mama wa Mteremkoni. Mumewe aliugua mwaka mzima, mama akawa wa kugeuza mgonjwa na kuchemsha maji, shamba likalala. Mume akafariki. Na majani hayakuwa na msiba. Yaliota mpaka kiunoni, yale majani yenye mizizi kama nyaya, unang'oa moja matatu yanakucheka.

Matanga yalipokwisha, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja na wazee watatu wa ukoo. Akakaa. Akanywa chai. Akaisifia chai. Kisha akasema:

"Shemeji, tunakupenda sana. Msimu uliopita shamba lililala, tukanyamaza kwa ajili ya mgonjwa. Lakini shamba la ukoo si la kufugia nyoka. Krismasi ikifika na mbegu hazimo ardhini, shamba linarudi nyumbani."

"Nyumbani wapi, shemeji? Si hapa ndipo nyumbani?"

"Nyumbani kwetu," shemeji akasema, akaomba aongezewe chai.

Mtu akianza na "tunakupenda sana," na amekuja na wazee watatu, wewe kaa karibu na mlango.

Basi hilo ndilo lililokuwa shingoni mwa mama huyu: viazi viwe ardhini kabla ya Krismasi, ama shamba liende. Mbegu alikuwa nazo. Magunia sita, bandani, viazi vimeanza kuchomoza macho, vinamtazama. Alichokosa ni nguvu ya kufungua ile ardhi. Akachukua jembe. Akalima wiki tatu, na siku aliyonyoosha mgongo akatazama nyuma, alikuwa amemaliza eneo la sebule. Na si sebule ya mheshimiwa. Sebule ya mimi na wewe, ile ambayo ukinyoosha miguu unafunga mlango.

Sasa, mama huyu alikuwa mwanachama wa kikundi cha wakulima. Watu saba. Sita kati yao ni wanaume, na mashamba yao yako juu, kando ya barabara, tambarare kama meza. Wa saba ni yeye. Ndani ya kikundi wajibu wake ulikuwa chai. Kikao kikianza anachemsha, kikiendelea anamimina, kikifungwa anaosha vikombe. Miaka minne ya uanachama, na hoja pekee aliyowahi kuitoa kikaoni ni "Nani hajapata sukari?"

Kikundi kikasikia kuna shirika linagawa matrekta madogo kwa wakulima wenye ekari chache. Mwenyekiti wao, mtu mwenye tumbo la kutangulia na koti la kufuata, akaandika barua. Shirika likaleta wageni, na pamoja nao fundi. Fundi akasimama mbele ya kikundi akaeleza, na hapa ndipo nawaomba mnivumilie.

"Trekta hizi ziko za aina mbili," akasema. "Zote zina tairi nne. Lakini moja inasukumwa na tairi mbili za nyuma tu, zile za mbele zinafuata. Nyingine inasukumwa na zote nne. Vijana wanaiita fowili."

Moja inasukumwa na za nyuma, za mbele zinafuata! Wapendwa, nilipoelezwa hilo niliwafikiria wazee wetu wa baraza. Hapana, hapana, kaeni. Natania.

"Kama shamba lenu ni tambarare," fundi akaendelea, "chukueni ya mbili. Inakata kona fupi, inakunywa mafuta kidogo, na haina vyuma vingi vya kuharibika. Hii ya nne ni ya matope na mteremko. Kupanda inang'ang'ania, kushuka inajizuia. Sisi hatuitoi mahali pasipo na mteremko. Je, ninyi mna mteremko?"

Wanaume sita wa tambarare wakatazamana. Mjue kwamba kijiji cha pili kilikuwa kimeshapewa trekta, ya kusukumwa na mbili. Wao wakipata ya nne, yenye tairi kubwa mbele na meno yake, kijiji cha pili kitawaamkia barabarani. Mwenyekiti akageuza shingo taratibu, taratibu, mpaka macho yake yakafika kwenye birika.

"Mteremko?" akasema. "Mteremko tunao! Mama, weka birika chini. Simama wageni wakuone."

Wakashuka wote, wageni na kikundi, wanaimba. Mgeni mmoja alikuwa na viatu vya lami. Akateleza, akashuka hatua kumi kwa makalio. Mwenyekiti akamwinua, akampangusa matope, akamwambia huku machozi yanamlengalenga, "Umeona, mheshimiwa? Umeyaona mateso yetu?"

Mateso yetu! Mtu ambaye shamba lake unaweza kulichezea mpira wa meza!

Wageni wakamwuliza mama atapanda nini. Akawajibu, "Viazi. Mbegu ninazo, zinanisubiri. Ila Krismasi ikinikuta sijapanda, ukoo wanachukua shamba, na mimi sina pa kwenda." Alisema hivyo tu, bila kupamba. Mgeni mmoja akavua miwani akaifuta. Mwingine akaandika kurasa mbili. Wakampiga picha ameshika jembe, majani yamemfika kiunoni nyuma yake, na Mwenyekiti akiwa pembeni anampa maelekezo: "Mama, usitabasamu. Usitabasamu, mama, utatuharibia."

Trekta ikaja mwezi wa kumi. Nyekundu, ya kusukumwa na zote nne. Vigelegele, kwaya, matawi. Mke wa Mwenyekiti akavika kiti cha trekta kitambaa cha kufuma, na kingine kidogo, chenye maua ya njano, akakifuma kwa kipimo, akaifunika ile gia ya kuwashia tairi za mbele. Mwenyekiti akamwita dereva akamwambia, "Unaiona gia hii? Isiguswe. Hizi tairi za mbele ni za kutunza. Siku moja tutazihitaji."

Mnacheka. Wewe mama unayecheka sana pale dirishani, vile vikombe vyako vya kabatini vyenye ukingo wa dhahabu, watoto wako wamevinywea lini? Wamekua, wameoa, wanavijua kwa sura tu. Nyamazeni niendelee.

Wiki ya kwanza mama akaenda kwa Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, nimekuja kuuliza zamu yangu."

"Tunaanza na huku tambarare, mama, ipate kuzoea. Chombo kipya ni kama bibi harusi. Bibi harusi utamtuma kuni siku ya kwanza?"

"Mimi nilitumwa," mama akasema.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikanyesha. Tambarare yote ilikuwa imelimwa, imepandwa, viazi vya Mwenyekiti vimeshatoa majani. Mama akaenda tena, akakuta trekta haipo. Imekwenda harusini. Imefungwa tela, imepambwa maputo, imembeba bibi harusi na wapambe kumi na wawili. Wiki iliyofuata harusi nyingine. Iliyofuata ilikwenda kumpokea mgeni wa heshima, ikatangulia mbele ya msafara inapiga honi. Trekta ile ilijua barabara ya lami kuliko basi. Mama akamkuta dereva anaipiga maji, akamwuliza, "Mwanangu, lini utashuka kwangu?" Dereva akaendelea kusugua tairi iliyokwisha kung'aa. "Mama, mimi ni wa kuambiwa tu."

Mama akafikiri, basi nirudi kwenye njia yetu ya siku zote. Huko kwao kuna kazi ya ujima: unapika makande, unakoroga togwa, unawaita watu ishirini, wanakuja na majembe, siku mbili ekari mbili zimegeuka. Yeye mwenyewe ameshakwenda ujima wa watu mara zisizo na idadi. Akapita nyumba kwa nyumba kualika. Mnajua walimjibu nini?

"Ujima? Kwako wewe? Wewe mwenye fowili? Si ndiwe uliyepigwa picha na wageni? Yaani sisi tuje tuvunje viuno, na chuma chako kimekaa kimevaa vitambaa!"

Mnaona jambo hilo? Trekta haikumlimia, na bado ilimnyang'anya majembe ishirini. Afadhali isingekuja!

Desemba ikaingia. Akaenda mara ya tatu, na safari hii hakukaa.

"Mwenyekiti, zimebaki wiki tatu."

"Mama, nimelitafakari jambo lako kwa kina." Mtu akikwambia amelitafakari kwa kina, ujue amelizika. "Ule mteremko wako ni mkali. Trekta ikipinduka, wanachama nitawaambia nini? Ile ni mali ya wote."

"Mimi simo kwenye hao wote?"

"Umo, mama, umo. Ndiyo maana nakulinda na hasara."

"Fundi alisema ya kusukumwa na zote nne ndiyo ya mahali kama pale. Alisema kushuka inajizuia."

"Fundi kashaondoka. Tumebaki sisi tunaoijua ardhi yetu."

"Mwenyekiti, mteremko ule mjamzito anaupanda na ndoo kichwani. Siku ya wageni mlishuka nyote, mkaimba, mkapiga makofi. Siku ile mteremko ulikuwa wa kikundi. Leo umekuwa wangu?"

Mwenyekiti akakohoa. Akatafuta kitu mfukoni, hakikuwemo. Mwisho akasema, "Kikao cha leo ni saa nane, mama. Chai isichelewe."

Na mama akaenda akapika! Wapendwa, hapo ndipo huwa napandwa na damu. Akapika, na sukari akatia! Mimi ningetia chumvi. Ningetia magadi. Ningewapa maji ya kuoshea vikombe wakayanywa na kuniombea baraka. Yeye akatia sukari, akauliza nani hajapata, kwa sababu bado alikuwa anaamini kwamba watu wanaokunywa chai yako mwisho watakusikia.

Krismasi ikafika. Vile viazi vya mbegu vilikuwa vimeota mashina marefu meupe, vimesinyaa kama mashavu ya mzee. Nusu vikaoza, nusu mama akampa nguruwe, akiwa amesimama pale pale kumtazama anavyokula. Siku ya pili ya Krismasi shemeji akaja na wazee wake. Hakuingia hata ndani.

"Shemeji, si sisi. Ni yale makubaliano. Mwezi wa pili tutakuja kuchukua shamba, tumekuachia nafasi upange mambo yako. Tunakupenda."

Mama akaingia ndani akafunga mlango, na chai siku hiyo haikuwepo.

Sasa sikilizeni. Wiki ya pili ya Januari, Jumatatu, Mwenyekiti akapigiwa simu. Wageni wa shirika wanakuja Alhamisi. Hawataki hotuba, hawataki ngoma. Wanataka kuona jambo moja tu: shamba la yule mama wa mteremkoni.

Mngemwona Mwenyekiti! Mteremko ule mkali, ule wa hatari, ule unaopindua matrekta, aliushuka mbio na kandambili, tumbo limetangulia, koti liko nyuma sana linajitahidi.

"Mama! Mama! Habari njema! Kesho tunakulimia!"

"Mbegu sina tena, Mwenyekiti. Na shamba si langu tena. Wanalichukua mwezi ujao."

"Mbegu ni baadaye, mama! Hayo ya ukoo ni baadaye! Kwanza ardhi!"

Kesho yake asubuhi, saa moja, dereva akaifikisha trekta pale juu. Akakivua kile kitambaa cha maua ya njano, akakitia mfukoni. Akaingiza gia. Ikatoa mlio kidogo, kama mtu aliyeamshwa, kisha ikashuka. Ilishuka kama mzee anavyoshuka ngazi za kanisani: polepole, bila hofu, hatua moja baada ya nyingine. Ikafika kijitoni, ikageuka, ikapanda. Yale majani yenye mizizi ya nyaya yakalala chali. Ardhi nyeusi ikatoka juu, inatoa mvuke. Ikashuka tena. Ikapanda tena. Saa sita mchana dereva akazima injini. Ekari mbili zimekwisha.

Saa sita mchana!

Hebu tulieni kidogo hapo. Miezi mitatu walimzungusha mama wa watu kwa kazi ya nusu siku. Hawakukosa trekta. Hawakukosa mafuta, maana yalimpeleka bibi harusi. Hata hiyo aina ya trekta hawakukosea. Ilikuwa ndiyo yenyewe, imetengenezwa na watu wenye akili kwa ajili ya mteremko kama ule. Walichokosa ni asubuhi moja ya kumwona mama huyu kama mtu.

Dereva akashuka kitini, hakuweza kumtazama usoni. "Mama, nisamehe. Sikujua kama ni rahisi namna hii."

Mama akampa maji ya kunywa. "Ungejua mwezi wa kumi na moja, mwanangu," akasema.

Alhamisi wageni wakaja. Wakaliona shamba, wakashika vichwa kwa furaha. Wakasema, "Tunataka picha ya mama akipanda." Kupanda nini? Mwenyekiti akatuma mtu mbio jikoni kwake. Likaja beseni la viazi vya kula, vingine vimeshaoshwa, kimoja kimemenywa upande. Mama akapewa kimoja ashike, ainame juu ya tuta. Na Mwenyekiti yuko pale pale pembeni: "Mama, sasa tabasamu! Sasa ndiyo unatabasamu!"

Picha ikapigwa. Viazi vikakusanywa vikarudishwa beseni maana vilikuwa vya mchuzi wa wageni. Kimoja kilikuwa kimedondoka kwenye tuta. Walikitafuta, wapendwa. Watu wazima wawili wakapiga magoti wakachakura udongo mpaka wakakipata.

Mgeni mmoja, mama mwenzake, akamshika mkono akamwuliza kwa upole, "Mama, trekta imekusaidia?"

Macho yote ya kikundi yakamwelekea. Yeye akasema ukweli, kama alivyousema mara ya kwanza. "Imelima vizuri sana. Mwezi wa pili shemeji yangu atakuja kupanda."

"Anamaanisha familia inashirikiana!" Mwenyekiti akadakia. "Familia nzima, wageni wetu! Shemeji naye yumo!"

Wageni wakapiga makofi. Wakaandika: familia nzima imenufaika.

Na kweli, mwezi wa pili shemeji akaja. Akalikuta shamba lipo tayari, halina hata jani moja, matuta yamenyooka. Akasimama juu ya barabara, mikono kiunoni, akasema, "Shemeji, umetuandalia vizuri mno." Akapanda. Mwezi wa tatu akaingia kwenye kikundi, akawa mwanachama wa saba. Mama yule sasa anapalilia kwa watu, huko juu, tambarare, kwa siku. Ukifika ofisi ya kikundi utamwona ukutani, ndani ya fremu, ameinama juu ya tuta na kiazi mkononi. Anatabasamu vizuri sana.

Sasa nani ananiambia hili ni shauri la Shetani? Msimsingizie. Shetani hakuwepo kwenye vikao vile. Someni kumbukumbu: waliohudhuria saba, wasiohudhuria hakuna, chai ilipatikana.

Ni shauri letu sisi. Kwani sisi trekta yetu tumeipataje? Kila kitu kizuri tulicho nacho hapa ndani tumekiomba kwa mteremko wa mtu. Tukiandika barua za kuomba, tunaandika yatima. Tunaandika wajane. Tunaandika wazee wasiojiweza, na mtoto mwenye mguu mbaya tunamsimamisha mbele, tunamwambia asitabasamu. Vikija vitu, ghafla tunakuwa watu wa utaratibu. Ghafla kuna zamu. Ghafla mteremko ni mkali, na mali ni ya wote, na huyo anayeitwa wote hana mguu mbaya hata siku moja! Lile gari tulilopewa la kubebea wagonjwa, ni wagonjwa wangapi wamelipanda, na ni kwaya ngapi? Nauliza tu. Wanakwaya msiangalie chini, mmependeza.

Na msidhani nasema habari za vitu peke yake. Kuna nguvu Mungu ametupa ambayo kwenye tambarare haihitajiki. Kumpenda anayekupenda, unahitaji tairi nne kwa hilo? Kumtembelea tajiri aliyelazwa, tairi nne za nini, si njia nzima kuna lami na kwake kuna soda? Ile nguvu ya ziada ni ya kushukia pale penye matope. Kwa jirani anayenuka pombe. Kwa binti aliyefukuzwa kwao. Kwa mama ambaye ukoo umemwekea tarehe. Na sisi ile gia tumeivika kitambaa. Tunasema tunaitunza. Tunaitunzia nini? Kwa nani? Mpaka lini, jamani, na watu wana Krismasi zao zinafika?

Nawaona. Nawaona mmemkasirikia Mwenyekiti. Mzee pale nyuma amekunja kabisa ngumi, na yule dada wa kamati anatikisa kichwa tangu nilipotaja viazi. Asanteni. Hata mimi nimemkasirikia wiki nzima nikiandaa neno hili. Nimeipiga ngumi meza ya watu mpaka mama mchungaji akaondoa vyombo. Mwenyekiti ni mtu mbaya. Tukubaliane hapo.

Lakini kuna mtu mmoja katika habari hii ambaye sikumtaja. Siku ile ya wageni, baada ya picha, kabla ya chakula, palihitajika sala. Mchungaji wao wa wakati ule alikuwepo. Alikuwa anajua yote, maana mama yule alikuwa amekwenda kwake mara mbili mwezi Desemba, akakaa kwenye kiti cha wageni, akalia, na mchungaji akamwahidi kwamba atalibeba jambo lake katika maombi. Basi siku ile akasimama juu ya matuta yale meusi, kanzu nyeupe, akanyoosha mikono, akafumba macho, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Bwana, tunakushukuru kwa mambo makuu uliyomtendea mama huyu!"

Mchungaji huyo ni mimi.

Na mchuzi wa vile viazi, wapendwa, ulikuwa mtamu. Nilirudia sahani.